Ya kuuza au ya kutembelea?

Naomba radhi kwa ukimya wa wiki tatu. Wengine mmeniandikia mkidhani nimehamishwa mkoa, mmoja akauliza kama nimeoa kimyakimya. Hapana jamani. Nilikuwa gereji.

Kisa kilianza siku mbili kabla ya Krismasi. Anayewajua Wachaga anajua siku hizo barabara ya kutoka Dar inakuwaje, kila mwenye gari na asiye na gari anakimbilia migombani. Mimi nilikuwa nimeshafika Moshi. Nilimpitia mama mjini, tukanunua vitu pale Mbuyuni, mchele, mafuta, kreti la soda, tukaanza kupanda kwenda Kibosho. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tulipopita kwenye dimbwi moja, wala si kubwa, mama akanyanyua miguu ghafla.

"Mwanangu, gari lako linavuja."

Nikamwambia apandishe kioo vizuri.

"Sio juu. Linavuja kutoka chini."

Kufika nyumbani nikainua zulia upande aliokaa. Chini yake kulikuwa na sponji imelowa, na chini ya sponji kitu cha rangi ya kahawia kinachomeguka kama mkate mkavu. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikapita. Nikawa naziona nyasi za uani kwetu kupitia sakafu ya gari nililolinunua milioni tano na nusu, miezi saba tu iliyopita.

Gari lenyewe ni Toyota Vitz ya mwaka 1999, ile ya umbo la kwanza. Nililinunua kwa jamaa mmoja Dar. Sitamtaja, maana sina uhakika kama alijua zaidi yangu. Ninachokumbuka ni kwamba liling'aa. Nililizunguka mara mbili, nikapiga teke tairi kama nilivyoona wanaume wengine wakifanya, nikasikiliza injini kwa uso wa mtu anayeelewa, nikatoa pesa. Mimi naandika habari kwa kazi. Nimefundishwa chuo kikuu miaka mitatu kuuliza maswali. Siku ile sikuuliza hata moja.

Baada ya sikukuu nikashuka nalo mjini hadi kwa fundi bodi mmoja maeneo ya Pasua, gereji ya chini ya mwembe. Mzee wa makamo, mikono ina vumbi jeupe hadi kwenye viwiko. Nikampa shikamoo, nikaanza kumweleza habari ya mama na dimbwi. Akanisikiliza huku anaendelea kupiga msasa mlango wa Noah. Nilipomaliza akalizunguka gari langu mara moja, akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike leo:

"Unataka ya kuuza au ya kutembelea?"

Nilidhani anauliza kuhusu gari. Kumbe anauliza kuhusu kazi. Kuna kazi ya kuuza na kuna kazi ya kutembelea. Ya kuuza ni siku nne, laki tatu, gari litang'aa kuliko siku ulipolinunua na litang'aa mpaka mwenye kulinunua afike nalo mbali. Ya kutembelea ni wiki mbili au zaidi, laki tisa, na pengine halitang'aa sana.

Niseme ukweli hapa kwa sababu nisiposema hakuna maana ya kuandika. Nilijibu haraka sana: "Ya kuuza." Nilikuwa nimeshaamua kuliuza tangu kidole kilipopita sakafuni. Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa pili chuoni, ada ya muhula imebaki nusu, na mwisho wa kulipa ni Februari. Gari ndilo kitu pekee nilicho nacho kinachoweza kugeuka ada.

Fundi hakushangaa. Akachukua sumaku, ya mviringo, aliyoitoa kwenye spika mbovu, akaizungushia kitambaa ili isikwaruze rangi, akaanza kuitembeza kwenye gari. Kwenye paa ikaganda. Kwenye mlango wa mbele ikaganda. Alipofika kwenye chuma kile cha chini ya milango, pale unapokanyaga ukipanda, sumaku ikadondoka. Akaiokota, akaiweka mbele kidogo. Ikadondoka. Upande wa pili, juu ya tairi la nyuma, ikadondoka pia.

"Hapa hakuna gari," akasema. "Hapa kuna puti."

Akachukua bisibisi akakita, kipande kikabanduka kama ganda la yai, unene wa vidole viwili. Na ndani ya lile puti, wasomaji wangu, kulikuwa na gazeti. Gazeti kweli, limekunjwakunjwa na kushindiliwa kwenye tundu ili puti lipate pa kushikilia. Nililitoa na kulikunjua. Ukurasa wa michezo, herufi zimefifia, kutu imelipaka rangi ya chai. Halikuwa la kwetu, lilikuwa la washindani wetu, na nakiri nilifarijika kidogo. Lakini kidogo tu. Kazi yangu ni kujaza kurasa za gazeti, na hapa nimekanyagia gazeti miezi saba nikidhani ni chuma.

Sasa puti nalo lisionewe. Ni gundi ya plastiki ya aina ya polyester iliyochanganywa na unga laini wa jiwe, ule ule wa talki ulioko kwenye poda ya mtoto. Unaweka hadina kidogo sana, unakoroga haraka, na ndani ya dakika chache linakuwa gumu kiasi cha kupigwa msasa. Kabla ya miaka ya 1950 mafundi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakijaza mabonde ya bodi kwa risasi iliyoyeyushwa, kazi ya hatari na ya ustadi mkubwa. Puti lilirahisisha mambo. Ila liliumbwa kuziba bonde la milimita mbili tatu juu ya chuma kizima na kisafi. Halikuumbwa kuwa chuma. Na lina tabia moja mbaya, linanyonya maji. Ukilipaka juu ya kutu umeifunika kutu blanketi lililolowa. Kutu huchukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo inavimba, inalisukuma puti, rangi inatoa malengelenge. Ukiyaona malengelenge chini ya mlango ujue habari hiyo ni ya zamani.

Nilimuuliza fundi, kutu ya namna hii imetoka wapi, maana Moshi hakuna bahari. Akacheka. Akasema gari hili limekula chumvi mara mbili kabla halijafika Moshi. Nilikwenda kusoma, nikaona ana hoja. Mengi ya magari haya tunayaagiza Japani yakiwa yamekwishatumika, na sehemu za kaskazini kule, Hokkaido na Tohoku, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inarushwa na matairi mpaka kwenye kila kona ya chini ya gari. Halafu gari linapanda meli, linakuja kukaa Dar, na anayeishi karibu na ufukwe anajua misumari ya geti lake inavyokuwa. Chumvi haili chuma yenyewe. Inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu kimsingi ni umeme mdogo unaotembea kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine mbele ya maji na hewa.

Sisi wa mlimani tunaongezea ya kwetu. Upande wa kusini wa Kilimanjaro ndiko mvua inakopiga. Ukipanda hadi kwenye ukanda wa msitu juu ya Kibosho na Machame unapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Halafu ule udongo wetu mwekundu unashika kama unga wa ugali. Unajaa juu ya matairi, unakaa na unyevu wake wiki nzima. Halafu tunaegesha chini ya migomba, mahali ambapo jua halifiki na nguo zenyewe hazikauki. Halafu Jumamosi vijana wanaliosha gari kwa maji ya mfongo, wanasugua juu mpaka unajiona, chini hawagusi.

Na kuna matundu ambayo sikuwahi kuyasikia. Kila mlango wa gari una matundu madogo chini yake, ya kutoa maji yanayopenya pembeni ya kioo. Ya kwangu yalikuwa yamezibwa na matope. Fundi alinipa spoku ya baiskeli akaniambia zibua. Nilipozibua mlango wa nyuma maji yakamwagika, sio matone, maji, kama mtu amefungua dumu. Nilikuwa nikiendesha kisima. Kama utasoma makala hii nusu ukachoka, basi angalau nenda kazibue hayo matundu.

Jioni ile nilipanda tena Kibosho kwa daladala nikamsimulia mama habari ya laki tatu na laki tisa. Nilitegemea aseme laki tatu, maana ada anaijua vizuri kuliko mimi. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema bila kunitazama: "Huyo aliyekuuzia wewe, labda naye alikuwa na mdogo wake wa kusomesha."

Akanikopesha laki nne kutoka kwenye kikoba chao. Laki mbili nikatoa mimi. Zilizobaki fundi akakubali nizilipe kwa mikono yangu, yaani niwe msaidizi wake wa msasa kila nikitoka kazini na siku zote za mapumziko. Ndiyo maana hamkuniona.

Siku ya kwanza nilifika na haraka zangu za chumba cha habari, nikataka kuona rangi. Hatukugusa rangi kwa siku tisa. Kwanza ni kubomoa: kila chuma kilicholiwa kinakatwa mpaka ufikie kile kinachong'aa kikikwaruzwa. Fundi alichora mstari wa chaki kuzunguka tundu, mimi nikaona amekata pakubwa mno, akaniambia kutu ni kama jino, ukiacha mzizi umelipia bure. Kisha vinachomelewa vipande vipya vya bamba. Boliti na bawaba zilizoganda alizitumbukiza kwenye ndoo ya molasesi na maji, sehemu moja kwa tisa, zikakaa siku kumi na zaidi. Molasesi ni ile ile inayotoka kwenye kiwanda cha sukari cha TPC hapo chini, shamba lililoanzishwa na Wadenishi mwaka 1930, ambayo wafugaji huwapa ng'ombe. Nilidhani ananitania. Zilipotoka zilikuwa za kijivu, safi, na ndoo inanuka pombe iliyochacha.

Kisha praima, na hapa nimegundua kosa ambalo nusu ya mji wa Moshi inalifanya. Mmeyaona yale magari yanayotembea na mabaka ya kijivu miezi na miezi, mwenyewe anatafuta pesa ya rangi? Praima ile ya kijivu ni ya kusawazisha na kuishikilia rangi. Haizuii maji, ina vinyweleo, inayapitisha. Mvua moja ya masika ikilikuta gari limevaa praima peke yake, kutu inaanza chini yake, na siku ukipiga rangi unaifunika tu. Inayozuia ni praima ya epoksi, ya kuchanganya makopo mawili, na hiyo ndiyo inayotangulia kwenye chuma kitupu. Puti jembamba linakaa juu yake, kisha ile ya kijivu, kisha msasa mpaka vidole vinaisha alama, kisha rangi. Fundi hakuniruhusu kutumia maji kupigia msasa puti lililo wazi, kwa sababu niliyoieleza hapo juu, puti hunywa.

Nilimuuliza kwa nini bati la nyumba ya bibi, lenye umri zaidi ya miaka arobaini, na mvua zote hizo, limeanza kutu juzijuzi tu. Ni zinki. Bati lile lilizamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi kama 450, na zinki inakubali kuliwa yenyewe kwanza kabla ya chuma, hata pale palipokwaruzika. Magari mengi ya sasa yanatengenezwa kwa bamba lenye zinki. Ila ukilikata, ukalichomelea na kulipiga grainda, zinki ya pale imeondoka. Ndiyo maana gari huanza kuoza tena palepale lilipogongwa na kutengenezwa.

Kuna Land Rover moja ya jirani yetu mzee, ya enzi za kahawa kuwa kahawa, imesimama migombani tangu sijazaliwa. Bodi yake haina kutu hata doa. Nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba Waingereza walijua kutengeneza. Kumbe bodi ile ni ya aluminiamu; Land Rover zilipoanza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, aluminiamu ndiyo ilipatikana. Fremu yake ya chini ni chuma kama chuma kingine. Krismasi hii niliinama nikatazama chini. Mzee alikuwa amesimama karibu yangu, ameegemea mlango, anasema siku moja ataiwasha. Fremu imekatika pande mbili. Sikumwambia. Nikasema, "Meku, bodi bado nzuri," na hilo nalo lilikuwa kweli.

Niendelee. Baada ya rangi fundi alitoboa tundu dogo kwenye chuma cha chini ya milango na kunyunyizia ndani grisi iliyoyeyushwa kwa oili safi, maana moto wa kuchomelea huunguza rangi ya ndani na hakuna brashi inayofika kule. Nilisema si tungetumia oili chafu kama watu wengine wanavyopaka chini ya magari? Akasema oili iliyotoka kwenye injini ina asidi na uchafu, inalainisha raba zote za chini, na mvua ikinyesha inakwenda kwenye mfongo.

Jambo moja halijanitoka. Rangi ya mwisho, na ile klia ya juu yake, hadina yake ina kemikali zinazoitwa isosayaneti. Zikivutwa zinaweza kumpa mtu pumu, na zinaweza kufanya hivyo baada ya miaka mingi ya kutosikia chochote. Nchi zenye sheria kali mpiga rangi huvaa barakoa yenye mpira wa kumletea hewa safi kutoka nje. Fundi wangu alijifunga leso. Anakohoa. Alishapimwa kifua kikuu KCMC, hakuonekana nacho. Nilimletea barakoa yenye vichujio, nikamweleza kuwa hata hiyo haitoshi ila ni afadhali kuliko leso. Akashukuru sana. Siku iliyofuata niliikuta kidevuni. Joto, alisema, na miwani inaingia ukungu, na ukungu ukiingia rangi inachuruzika, na rangi ikichuruzika mteja hailipii. Nilikosa cha kujibu. Mteja nilikuwa mimi.

Gari lilitoka Jumatano iliyopita. Halijang'aa kama nilipolinunua. Ukilitazama jua likiwa la jioni unaona mahali puti la kushoto linaishia. Fundi analiona, mimi naliona. Juu ya tairi la nyuma kulia hatukuchomelea, chuma kilikuwa bado kizima, tulikwangua na kupaka dawa tu. Ninalitaja ili lisije kusemwa nimeficha.

Juzi alikuja mnunuzi, mwalimu wa sekondari kutoka Uru, na shemeji yake. Wakalizunguka mara mbili. Shemeji akapiga teke tairi. Mwalimu akasema bei sawa, akaanza kuulizia kadi ya gari. Nikamwambia subiri mwalimu, nikatoa simu, nikamwonyesha picha zote: kidole sakafuni, gazeti, chuma kilichokatwa, kipande kipya, praima. Nilikuwa na fahari kabisa, kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Nikamweleza na habari za epoksi.

Mwalimu alizitazama mpaka ya mwisho. Akanirudishia simu kwa mikono miwili. Akasema ngoja akashauriane na nyumbani. Shemeji yake alishatangulia barabarani.

Fundi nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. Anasema kosa langu ni kutoa picha, kwamba gari la kazi nzuri linauzwa kwa mdomo uliofungwa sawasawa na la kazi mbaya. Rafiki yangu wa dawati la biashara naye kanishauri nizifute. Mama hajasema kitu, ila jana aliniuliza ada ni tarehe ngapi, na tarehe anaijua.

Picha sijazifuta. Gari bado lipo, milioni nne na nusu, maelewano yapo. Mwenye nia aje mchana, na aje na sumaku.